Ilungu la Ufipa na Kioo cha Simu

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yumo kijana ambaye hushinda barazani ameinamia simu, na ukimwuliza afanya nini, hukujibu kwamba atengeneza sanaa. Amepiga picha ya mashua bandarini, ameigeuza rangi, ameiunganisha na picha nyingine, ameitia sauti ya bahari aliyoinasa mwenyewe alfajiri, kisha amevifanya vyote viende pamoja. Babu yake hutikisa kichwa akasema huo ni mchezo wa watoto. Mama yake naye, aliye jikoni, huuliza swali lililo zito zaidi: umefanya wewe, au imefanya simu?

Swali hilo la mama ndilo lililonishikisha kalamu. Sanaa ya namna hii, itumiayo kamera, kinasa sauti, kompyuta na simu mahali pa brashi na patasi, walimwengu wameiita sanaa ya vyombo vipya, na watu wamegawanyika juu yake. Wako waisifuo kwa kuwa ni mpya, kana kwamba upya peke yake ni sifa, na wako wailaanio kwa sababu iyo hiyo. Wote hao wamejipunguzia kazi, kwani ni nadra mmoja wao kuketi akaitazama kazi yenyewe na kuuliza kama mtu yule akijua chombo chake au la. Kalamu ya mwanzi nayo ilikuwa chombo kipya siku moja.

Ili tupate kipimo cha kuhukumia, sitakupeleka Ulaya kwanza. Nitakupeleka Ufipa, katika mkoa wa Rukwa, mahali ambapo wengi wetu wa pwani hatupajui ila kwa habari ya mahindi yake, na kwa wale vijana walioandikishwa manamba zamani za Mwingereza wakaja kukata mkonge katika mashamba ya Tanga. Ukitoka Tunduma utasafiri zaidi ya kilomita 200, utapita Laela, hata ufike Sumbawanga, mji ulio juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai mtu wa Mombasa au Pemba akifika huko atatafuta koti kabla hajatafuta chai. Uwanda ule ni majani matupu, miti ya kuhesabika, na upepo mwingi. Ishike habari hiyo ya upepo, tutaihitaji.

Katika uwanda huo, na katika miteremko yake ya upande wa Ziwa Tanganyika, imesimama hata leo minara ya udongo ambayo mgeni akiiona kwa mbali huidhania vichuguu vikubwa. Mnara mmoja huitwa ilungu, na mingi huitwa malungu. Ni matanuri ya kutolea chuma katika mawe. Mafundi wa Kifipa waliyatumia vizazi kwa vizazi, hata kazi ikafifia na kukoma katika karne ya 20. Majembe yaliyotokana nayo ndiyo yaliyolima Ufipa, na kilimo cha Wafipa si cha kukwaruza ardhi, bali ni cha kufunika majani chini ya matuta makubwa ya mviringo, yaitwayo intumba, ili yaoze na kuwa mbolea. Kazi hiyo haifanyiki kwa kijiti. Jembe lilikuwa mali, lilikuwa mahari, lilikuwa biashara na majirani.

Sasa tulitazame ilungu lenyewe kama tutazamavyo kazi ya msanii. Urefu wake ni kama mita 3, mengine hupita hapo. Chini ni pana, juu hupungua. Limejengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao mafundi waliupenda kwa kuwa mchwa wamekwisha kuusaga na kuukandika kabla yao, nao hustahimili moto. Kuzunguka kitako chake yamo matundu kiasi cha kumi hivi, moja kubwa kuliko mengine likiwa ndio mlango, na katika kila tundu huingizwa mirija ya udongo iliyochomwa. Ndani hupangwa kuni, makaa na mawe ya chuma, tabaka juu ya tabaka. Kisha moto huwashwa.

Hapa ndipo penye ajabu yake, ndugu msomaji. Wahunzi uwajuao, wale wa sokoni, hupuliza moto kwa mvukuto. Penye ilungu hapakuwa na mvukuto. Hewa ya moto ndani ya mnara hupanda, kama upandavyo moshi katika bomba la karabai, na ikipanda huivuta hewa baridi kuingia kwa mirija ile ya chini. Kadiri mnara ulivyo mrefu ndivyo uvutavyo kwa nguvu. Mnara hujipumulia wenyewe, usiku na mchana, kwa siku kadhaa, na mafundi kazi yao ni kuulisha, kuusikiliza, na kuziba tundu hili au kufungua lile. Mtu atakayekuambia kwamba babu zetu wa bara hawakuwa na mashine, mwulize hii ilikuwa nini.

Na liko jambo jingine ambalo wengi hulikosea. Chuma katika ilungu hakiyeyuki. Chuma safi huyeyuka penye nyuzi 1,538 za sentigredi, na tanuri la namna hii halikuhitaji kufika huko. Penye nyuzi kama 1,200 hewa ya makaa huyanyang'anya mawe oksijeni yake, na kinachoyeyuka na kutiririka ni ule uchafu tuuitao mavi ya chuma. Chuma chenyewe hubaki kimegandamana, bonge zito, jeusi, lenye vitundu kama sifongo. Bonge hilo hupelekwa katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, na huko ndiko mvukuto hutumika, hata lisafike na kufaa kufuliwa. Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo uzuri wenyewe wa kazi. Umbo la ilungu lapendeza macho, lakini hakuna mstari mmoja katika umbo hilo uliowekwa ili upendeze. Jahazi nalo ni hivyo: tumbo lake ni zuri kwa kuwa maji yamelitaka liwe vile.

Basi lete swali la mama. Amefanya fundi, au limefanya tanuri? Siku ambazo moto ulikuwa ndani, fundi hakugusa chuma hata mara moja, wala hakukiona. Aliketi nje akasubiri. Kwa hesabu ya babu wa barazani, fundi yule hakufanya kitu, limefanya tanuri. Walakini kila tundu alilitoboa yeye, kila mrija aliufinyanga yeye au mwenzake, udongo aliuchagua, kuni alizijua kwa majina, na tanuri likikataa aliweza kulizunguka akajua ni upande gani wenye kosa. Kazi yote ya mkono wake ilikuwa imekwisha kuingia katika chombo kabla moto haujawashwa. Hiki ndicho kipimo nilichokifuata Ufipa: usimhukumu mtu kwa wingi wa kazi iliyofanywa na mashine, mhukumu kwa kiasi alivyomo yeye ndani ya mashine.

Sitaki udhani ya kwamba nasifu kila kitu. Fundi mkuu wa ilungu alikuwa na kikapu chake cha dawa, kiitwacho intangala, na bila kikapu hicho moto haukuwashwa. Tanuri lilipambwa kama bibi arusi na kupigiwa vigelegele, na mafundi walijitenga na wake zao muda wote wa kazi. Kujitenga na kushikamana na kazi naona si neno baya. Yeyote aliyepata kufanya kazi ngumu ajua gharama yake. Bali dawa za kikapu hatuwezi kuzikubali sisi tulioambiwa kwamba chuma ni neema ya Mola, hata Qur'ani Tukufu ikawa na sura iitwayo Al-Hadid, yaani Chuma, na tuliosimuliwa habari za Nabii Daudi alivyolainishiwa chuma mikononi mwake. Na Wafipa wenyewe, tusisahau, mji wao mkuu wameupa jina ambalo hufasiriwa kuwa ni amri ya kutupa uchawi.

Lakini kabla hujamcheka fundi yule, tazama kilichokuwa ndani ya kikapu kwa jicho la mhakiki. Alijua udongo, alijua kuni, alijua upepo. Penye mwisho wa ujuzi wake, pale ambapo tanuri mbili za namna moja hutoa moja chuma chema na nyingine takataka naye asijue kwa nini, hapo ndipo alipokiweka kikapu. Je, sisi leo hatuna kikapu? Kijana aandikapo maneno matatu katika programu ya akili mnemba ikamchorea picha ya Mji Mkongwe wakati wa magharibi, kisha ukamwuliza kwa nini kivuli cha mnara kimeangukia upande ule wa jua, hukujibu kwamba ndivyo ilivyotoa. Afisini mtu hunyimwa haki yake akaambiwa kompyuta imekataa. Hiyo ni intangala, na ni mbaya kuliko ya Ufipa, kwani kikapu cha fundi kilifunika sehemu ndogo ya kazi, na chetu kimeifunika karibu yote.

Wasanii wenye akili katika fani hii waliliona jambo hili mapema. Nam June Paik, mzaliwa wa Korea aliyefanya kazi Ujerumani na Marekani, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa sanaa ya video, mwaka 1965 alichukua televisheni ya kawaida akaiwekea juu yake sumaku kubwa. Basi. Hakuongeza kitu. Lakini sumaku ile iliivuta miale iliyokuwa ikichora picha ndani ya kioo, na picha ikapindika ikawa maumbo ambayo hakuna kituo kilichoyarusha. Mtu aliyeizoea televisheni kama dirisha aliona ghafula kwamba si dirisha, ni chombo, kina namna yake ya kufanya kazi, na mkono wa mtu waweza kuingilia kati. Mimi si mpenzi wa kila alichofanya Paik, na mengine naona ni kelele tu. Ila katika kazi ile ya sumaku alikuwa ndugu wa fundi wa ilungu.

Kuna upande wa pili wa jambo, nao ndio unaonisumbua zaidi. Malungu yalikufa. Yaliuawa na nini? Majembe ya viwandani yalikuja kwa bei ndogo, vijana wakaenda kutafuta fedha mbali, utawala wa kigeni nao haukuwa na haja ya fundi asiyemtegemea mtu. Haya yote ni kweli. Lakini liko jingine: elimu ile ilikuwa siri. Ilikaa katika vichwa vya watu wachache na katika kikapu cha mmoja, na mwenye kikapu alipofariki bila mrithi, tanuri lilibaki limesimama kama nyumba iliyopotelewa na ufunguo.

Linganisha hilo na mtu mwingine ambaye twapaswa kumjua vizuri kuliko tumjuavyo. Ibnu Razzaz Al-Jazari alikuwa fundi katika utumishi wa wafalme wa Kiartuki huko Diyarbakir, ambayo sasa imo Uturuki. Mwaka 1206, yaani mwaka 602 wa Hijra, alimaliza kitabu cha vyombo vya ajabu kiasi cha hamsini: saa yenye umbo la tembo, mashine za kupandisha maji, chombo cha kumiminia mtu maji ya kutawadha, hata mashua ya sanamu zipigazo ngoma na zumari kwa nguvu za maji. (Mashua hiyo ilikuwa ya karamu za kifalme, na karamu za namna ile sizitetei.) Hivyo vilikuwa vyombo vipya vya zama zake, na Al-Jazari alikuwa msanii na mhandisi kwa pamoja, pasiwe na mtu aliyeona haja ya kuvitenganisha viwili hivyo. Lakini kilichomfanya aishi hata leo si tembo wake. Ni kwamba aliandika. Alichora kila kipande, akaeleza hatua kwa hatua ili fundi mwingine aweza kukiunda, na katika zama zetu watu wamekifuata kitabu chake wakaviunda baadhi ya vyombo hivyo vikatembea. Miaka mia nane na kitu imepita na mlango bado uko wazi.

Kwa insafu, ilungu nalo limepata kuandikwa. Profesa Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyapima na kuyachimbua malungu, akatoa kitabu juu ya uhunzi wa Wafipa mwaka 2010. Kabla yake Roy Willis, Mwingereza aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960, alikusanya hadithi za Wafipa na kuzitoa katika kitabu mwaka 1978. Ni kazi za kushukuriwa. Lakini zote mbili ni za Kiingereza, na mtoto wa Sumbawanga anayetaka kujua babu wa babu yake alitoaje chuma katika jiwe hana budi kwanza ajifunze lugha ya watu wengine. Kikapu kimefunguliwa, kisha kikawekwa juu ya kabati.

Ndiyo maana yuko msanii mmoja wa vyombo vipya hapa kwetu ambaye napenda kumtaja kwa jina. Rehema Chachage alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akasoma sanaa katika Chuo Kikuu cha Cape Town hata mwaka 2009, kisha akaendelea na masomo London. Vyombo vyake ni video, sauti na mwili wa mtu. Lakini tazama anavipeleka wapi. Hakuvielekeza kwenye mambo ya ajabu ya kesho. Amevielekeza kwa mama yake na bibi yake. Mama yake, Demere Kitunga, ambaye ni mwandishi na mchapishaji, hushirikiana naye katika kazi hizo. Kazi iitwayo Mshanga imetokana na simulizi za wanawake wa ukoo wao, nayo yahusu kitambaa ambacho mwanamke alijikaza nacho kiunoni ili astahimili njaa. Hapo kamera imefanywa sikio. Mjukuu hakuja kumwonyesha bibi uhodari wa chombo, bali alikuja na chombo ili ayabebe aliyoyasema bibi.

Nina neno moja la kulalamika juu ya kazi za aina hii kwa jumla, wala si juu yake peke yake. Aghalabu huonyeshwa katika majumba ya sanaa ya miji mikubwa, nyingi ng'ambo, mbele ya watu wasiopata kujikaza kitambaa kiunoni maisha yao yote. Bibi amesema, mjukuu amenasa, na wajukuu wengine wa bibi hawakusikia. Katika simu za leo hilo ni jambo jepesi kulirekebisha kuliko lilivyokuwa zamani za mikanda, na sioni udhuru wa kutolifanya.

Turudi barazani, mama bado ameketi na swali lake. Mimi ningemshauri asingoje jibu la maneno. Mwite kijana, mwambie akae karibu nawe, akuonyeshe alivyofanya, tangu picha ya kwanza. Mwulize sauti ile ya bahari aliinasia wapi, na kwa nini aliitaka ya alfajiri wala si ya adhuhuri. Mwulize rangi aliigeuza kwa kusudi gani, na kama simu ingekataa angefanyaje. Mwulize, akikufundisha leo, wewe mwenyewe waweza kuifanya kesho? Akikujibu, na akikuonyesha mahali alipokosea akarudia mara tano, basi ni fundi, hata kama mashua yake imekaa upande. Akikwambia programu ndiyo ijuayo, mrudishie simu yake kwa upole na umpe jambo la kwenda kulichungua.

Na kama Mungu akijaalia siku moja ufike Ufipa, wewe au kijana huyo, utawakuta watu wakisimama mbele ya ilungu na kujipiga picha, mnara nyuma yao, mlima kwa mbali, na upepo ukizipeperusha nguo. Piga nawe, si haramu. Kisha iweke simu mfukoni, upige magoti majanini, utie kichwa katika lile tundu kubwa la mlangoni. Subiri kidogo macho yazoee. Utauona udongo wa ndani ulivyobadilika rangi kwa moto, na mwanga ukiingia kutoka matundu yale mengine, na juu kabisa, mahali lilipowazi, kipande cha mbingu. Utausikia upepo ukiingia chini na kutoka juu, wala hapana anayeupuliza.